Kuvunjika kwa Koleo: Bima ya Vyombo katika Anga za EVE Online

Wahenga walinena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii imewafariji wengi waliokumbwa na hasara, na aghalabu hutajwa kwa lengo la kumtia moyo aliyeanguka ili ainuke. Hata hivyo, ni wachache wanaojiuliza swali lililojificha nyuma yake: koleo likishavunjika, ni nani atakayegharamia koleo jipya? Je, ni mhunzi peke yake, ambaye pengine hana hata senti mkononi? Ni majirani zake, ambao kesho makoleo yao pia yatavunjika? Au kuna hazina fulani isiyojulikana chanzo chake itakayofunguliwa ili kazi iendelee? Swali hili ndilo moyo wa kila bima. Neno lenyewe, bima, si geni masikioni mwa Waajemi na Wahindi, na yamkini liliwasili katika pwani ya Afrika Mashariki pamoja na wafanyabiashara waliovuka Bahari ya Hindi. Ni neno lenye harufu ya chumvi na lami ya majahazi. Kwa hivyo, si ajabu kwamba swali la koleo limezuka upya miongoni mwa mabaharia wa aina nyingine kabisa: watu wanaoketi mbele ya tarakilishi na kuviongoza vyombo vya angani ambavyo havipo popote ila katika kumbukumbu ya mashine.

Mchezo unaozungumziwa hapa ni EVE Online. Uliundwa na kampuni ya CCP ya mjini Reykjavik, nchini Iceland, na ukazinduliwa mwezi wa Mei mwaka 2003. Ulimwengu wake huitwa New Eden, nao una mifumo ya nyota zaidi ya 7,000. Michezo mingi ya mtandaoni huwagawa wachezaji wake katika seva kadha wa kadha, lakini wachezaji wa EVE, isipokuwa wale wa China ambao wana seva yao, hukutana wote katika ulimwengu mmoja. Anachokiuza huyu hununuliwa na yule. Chombo anachokiendesha mmoja kiliundwa na mwingine, kwa madini yaliyochimbwa na wa tatu na kusafirishwa sokoni na wa nne. Fedha ya huko huitwa ISK, herufi zile zile zinazoitambulisha sarafu halisi ya Iceland. Soko hili lilipanuka kiasi kwamba mnamo mwaka 2007 kampuni hiyo ilimwajiri mwanauchumi, Eyjólfur Guðmundsson, ili auchunguze mwenendo wa bei na wa fedha kama vile benki kuu ichunguzavyo uchumi wa taifa.

Sifa kuu ya mchezo huu, ambayo imewavutia baadhi na kuwafukuza wengine, ni kwamba kilichopotea kimepotea. Katika michezo mingi ya tarakilishi, shujaa akiuawa hufufuka papo hapo, upanga wake ungali kiunoni. Katika New Eden mambo sivyo. Mchukulie mwanagenzi aliyetumia majuma kadhaa akichimba madini na kubeba shehena za watu, akidunduliza haba na haba, hadi akaweza kununua merikebu ya kivita ya ukubwa wa kati. Anaifunga mizinga, anaitia ngao, anaipa jina. Siku moja anapita katika lango la kuingilia mfumo asioujua, na upande wa pili anakuta maharamia watatu wanamngoja. Nusu dakika baadaye merikebu haipo. Rubani anaelea ndani ya kapsuli ndogo katikati ya vipande vya chuma, huku maharamia wakiokota vifaa vilivyosalimika, kwa maana kila kifaa kina takriban nafasi nusu kwa nusu ya kusalimika na kuwa ngawira ya aliyeshinda. Moyo wa mwanagenzi unadunda, mikono inatetemeka. Chombo kilikuwa cha kufikirika, lakini majuma aliyoyatumia kukitafuta yalikuwa majuma ya kweli ya uhai wake, na hayo hayarudi.

Marubani wakongwe wana wosia mmoja wanaompa kila mgeni: usiruke na chombo usichoweza kumudu kukipoteza. Ni wosia wa busara, lakini haumtoshi maskini. Asiye na kitu akiambiwa asihatarishe asichoweza kukipoteza, ameambiwa akae bandarini maisha yake yote. Hapo ndipo bima inapoingia.

Utaratibu wa bima hiyo, kama ulivyozoeleka kwa miaka mingi, ni mwepesi kuelezwa. Rubani akiwa katika kituo hulipa ada na kupata mkataba wa majuma 12 kwa chombo kimoja. Kuna madaraja sita. Daraja la chini kabisa hugharimu asilimia 5 ya thamani ya msingi ya chombo, na chombo kikiangamia hulipa asilimia 50 ya thamani hiyo. Kutoka hapo madaraja hupanda kwa hatua zilizo sawa: kila ada inapoongezeka kwa asilimia 5, fidia nayo huongezeka kwa asilimia 10, hadi daraja la juu liitwalo Platinamu, ambalo hugharimu asilimia 30 na kulipa asilimia 100. Majuma 12 yakipita na chombo kingali salama, mkataba hufa na ada haidaiwi tena. Aidha, kuna jambo ambalo humshangaza kila anayelisikia kwa mara ya kwanza: hata yule ambaye hakununua bima yoyote hulipwa asilimia 40. Hakutoa chochote, hakuweka sahihi popote, lakini chombo chake kikilipuka, fidia humwingilia.

Ili jambo hili lieleweke, hebu chombo chenye thamani ya msingi ya ISK 10,000,000 kitumike kama mfano. Asiye na bima atapata 4,000,000 chombo kikiangamia. Aliyenunua Platinamu atalipa ada ya 3,000,000 na kupokea 10,000,000. Kwa juu juu, inaonekana kana kwamba milioni tatu zimenunua milioni kumi. Sivyo, msomaji mpenzi. Milioni nne angezipata vyovyote vile, kwa hivyo ada yake ya milioni tatu imenunua milioni sita tu. Aliyechukua daraja la chini naye atalipa 500,000 na kupokea 5,000,000, yaani laki tano zimenunua milioni moja ya ziada. Hesabu hii ikirudiwa katika kila daraja, jibu ni lile lile: ada ni nusu kamili ya fidia ya ziada. Maana yake ni kwamba bima hii humfaa rubani anayeamini kwamba uwezekano wa chombo chake kuangamia ndani ya majuma 12 unazidi nusu. Mwenye kutarajia usalama akinunua, ameitupa fedha yake baharini.

Hapa ndipo tofauti ya kwanza kati ya bima ya mchezo na bima ya kawaida inapojitokeza. Mwenye nyumba anayelipia bima ya moto huomba usiku na mchana nyumba yake isiungue. Analipa fedha kidogo kwa sababu ya janga lisilotarajiwa. Katika New Eden, mnunuzi hasa wa bima ni askari anayekwenda vitani akijua fika kwamba chombo chake huenda kisirudi. Mchukuzi mwangalifu, apitaye njia salama na kukaa macho, hana sababu kubwa ya kununua. Kampuni yoyote ya bima duniani ikibaki na wateja wanaongoja hasara pekee, huku waangalifu wote wakijiondoa, itafunga milango kabla ya mwaka kwisha. Basi ni vipi bima ya New Eden haifungi milango?

Jibu ni kwamba bima hiyo haina mfuko. Katika bima halisi, watu mia moja huchanga, na yule mmoja aliyepatwa na msiba hulipwa kutokana na michango ya wale tisini na tisa waliosalimika. Fidia ni jasho la wenzake. Katika EVE, ada inayolipwa hutoweka na fidia inayotolewa huumbwa papo hapo na programu. Wanaouchunguza uchumi wa michezo hii hupenda kuulinganisha na hodhi lenye mfereji unaoingiza maji na tundu linaloyatoa: kila ada huyatoa maji, kila fidia huyaongeza. Iwapo yanayoingia yanazidi yanayotoka, fedha hujaa mikononi mwa watu na bei za bidhaa hupanda. Hakuna rubani anayefidiwa na rubani mwenzake. Anafidiwa na hazina isiyo na mwenyewe.

Haifai hata hivyo kuibeza hazina hiyo. Waliouunda mchezo walikuwa na sababu. Vyombo visipoangamia, waundaji hawatakuwa na wa kuwauzia. Waundaji wasipouza, wachimbaji madini hawatakuwa na soko. Uchumi mzima hula kwa koleo lililovunjika. Rubani anayeogopa kupoteza hakai uwanjani, na vita visipokuwapo viwanda hulala. Fidia ndogo ya bure humwezesha mwanagenzi aliyeporwa kununua angalau chombo hafifu na kurudi angani siku hiyo hiyo badala ya kuizima tarakilishi kwa hasira asirudi tena.

Lakini fedha isiyo na mwenyewe haina mlinzi. Hadi mwaka 2010, fidia ilikokotolewa kwa bei za madini zilizowekwa tangu awali na waundaji wa mchezo, ambazo hazikubadilika soko lilipobadilika. Wachimbaji walipoongezeka na madini kuwa tele, bei halisi ilishuka, lakini fidia ilibaki pale pale. Hatimaye ikawa kwamba gharama ya kuunda baadhi ya vyombo, ukijumlisha na ada ya Platinamu, ilikuwa ndogo kuliko fidia. Wajanja hawakukawia kuligundua hilo. Waliunda chombo kikiwa kitupu, bila mzinga wala ngao, wakakinunulia bima, wakakitoa nje ya kituo, wakabonyeza kitufe cha kukilipua wao wenyewe. Fidia ikaingia, faida ikabaki, na chombo kingine kikaanza kuundwa. Vyombo vilivyotungwa kwa ajili ya vita na biashara vikawa kuni za kuchoma ili majivu yake yauzwe. Isitoshe, ulaghai huo uliizuia bei ya madini isishuke inavyostahili, kwa maana mwenye madini alijua kwamba akikosa mnunuzi ataunda chombo na kukilipua.

Asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya vijana wa mtandao peke yao. Bima ya vyombo vya baharini imekumbwa na ulaghai wa namna hii hii katika historia yake. Katika karne ya 17, wafanyabiashara wa London walikutana katika mkahawa wa Edward Lloyd kupata habari za merikebu, na humo wenye mitaji walikubali kubeba sehemu ya hatari ya safari kwa kutia sahihi zao chini ya hati ya bima. Baada ya muda kukazuka mtindo wa watu kuchukua bima ya merikebu wasizokuwa na hisa yoyote ndani yake. Mtu wa namna hiyo alikuwa akicheza kamari tu, na aliyekuwa na hila alikuwa na kila sababu ya kutamani merikebu ya mwingine izame. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mnamo mwaka 1745 ili kukomesha tabia hiyo. Zaidi ya karne moja baadaye, katika miaka ya 1870, mbunge Samuel Plimsoll alipiga kelele kuhusu meli kuukuu zilizopakiwa shehena kupita kiasi huku wenyewe wakiwa na bima nono. Meli hizo zilipewa jina la majeneza. Zikifika salama, mwenye meli alipata faida. Zikizama, alipata fidia. Waliopoteza ni mabaharia na wajane wao. Sheria ya mwaka 1876 ililazimisha meli kuchorwa alama ya kuonyesha kikomo cha kuzama kwake majini inapopakiwa, alama ambayo hadi leo huitwa kwa jina la Plimsoll.

Tofauti ni kubwa na haifai kusahauliwa. Chombo kinacholipuliwa katika New Eden hakina mabaharia wenye watoto nyumbani. Hata rubani mwenyewe, kapsuli yake ikiharibiwa, huamka katika mwili mwingine uliowekwa akiba. Lakini mantiki ya ulaghai ni moja. Fidia inapozidi thamani ya kitu, kitu hicho huwa salama zaidi kikiwa kimeangamia kuliko kikiwa kizima, na mwenye kukitunza ndiye huwa adui yake wa kwanza. Mchezo umeidhihirisha kweli hiyo bila kumwaga damu ya mtu, na hiyo si faida ndogo.

Mwaka 2010 utaratibu ulirekebishwa. Tangu hapo thamani ya msingi ya chombo ilifuata wastani wa bei halisi za malighafi sokoni badala ya orodha iliyoandikwa zamani. Madini yakishuka bei, fidia hushuka, yakipanda, hupanda. Biashara ya kulipua vyombo vitupu ikapoteza utamu wake. Hata hivyo kulibaki kidonda kingine. Katika maeneo ya New Eden yanayoitwa salama kuna polisi wa mchezo waitwao CONCORD. Polisi hawa hawamzuii mhalifu asishambulie. Humwadhibu baada ya kushambulia, na adhabu yao ni kukiangamiza chombo chake bila huruma. Wahalifu walikubali adhabu hiyo. Walichukua vyombo vya bei nafuu vyenye mizinga mikali, wakavikatia bima, wakawavizia wachukuzi waliobeba mali ya thamani. Mchukuzi akilipuliwa, mwenza wa mhalifu aliiokota mali. Polisi nao wakikilipua chombo cha mhalifu, bima ilimlipa. Alilipwa fidia kwa sababu ya adhabu aliyostahili. Ni sawa na mwizi kulipiwa faini na hazina ya mji aliouibia. Wachimbaji na wachukuzi walilalamika kwa miaka, na mnamo Novemba 2011 kampuni ikaamua kwamba chombo kinachoangamizwa na CONCORD hakitalipiwa chochote. Uharamia haukukoma, lakini tangu siku hiyo mhalifu aligharamia koleo lake mwenyewe.

Kuna mipaka mingine ambayo mwanagenzi huifahamu kwa uchungu. Bima hulipia kiunzi cha chombo peke yake. Mizinga, ngao na injini za ziada alizozifunga hazimo, shehena haimo. Yamkini chombo cha milioni kumi kimefungwa vifaa vya milioni ishirini, na hizo ishirini hazina wa kuzilipa. Fauka ya hayo, vyombo vya teknolojia ya juu hufidiwa kwa sehemu ndogo tu ya bei yake sokoni. Kadiri rubani anavyopanda ngazi ndivyo bima inavyomwacha mkono.

Wapo waliolijibu swali hili kwa namna nyingine. Mchezo wa Elite Dangerous, uliotolewa na kampuni ya Frontier Developments ya Cambridge, Uingereza, mnamo Desemba 2014, hauna mikataba wala madaraja. Rubani aliyepoteza chombo hukinunua tena, pamoja na vifaa vyake vyote, kwa takriban asilimia 5 ya gharama yake. Shehena, hata hivyo, hupotea. Asiyeweza kuilipa hiyo asilimia 5 huenda akakikosa chombo chake na kuanza tena na chombo kidogo cha bure kama siku ya kwanza. Huko kila rubani huruka akikikumbuka kiasi hicho, kama msafiri anayeweka nauli ya kurudia nyumbani mfukoni na kuapa kutoigusa. Ni utaratibu wenye huruma, lakini ni huruma ya mtu na hazina tu. Jirani hana nafasi ndani yake.

Katika EVE, jirani alijitengenezea nafasi mwenyewe. Wachezaji hujiunga katika mashirika, na mashirika hujiunga katika miungano yenye maelfu ya watu. Miungano hii hupigania maeneo ya mbali ambako hakuna polisi. Viongozi wake waliona mapema kwamba bima ya mchezo haitoshi kumpeleka askari vitani. Kwa hivyo walianzisha mifuko yao. Kila mwanachama hukatwa kodi katika mapato yake, na mapato ya rasilimali za pamoja, kama vile machimbo ya mwezini, huingia katika mfuko. Mwanachama akipoteza chombo katika vita vilivyoitishwa na muungano, huwasilisha taarifa ya kuangamia inayotolewa na mchezo wenyewe, ambayo huonyesha chombo kilikuwa kipi, kilifungwa vifaa gani na kililipuliwa na nani. Wanaosimamia mfuko huichunguza. Je, alikuwa katika kikosi kilichoamriwa? Je, alikifunga chombo kama ilivyoelekezwa, au alikuja na mtumbwi akadai merikebu? Aghalabu kile alicholipwa na bima ya mchezo huzingatiwa, na mfuko hujazia pengo lililobaki.

Hii sasa ndiyo bima. Haikuandikwa na waundaji wa mchezo. Wachezaji waliitunga wao kwa wao kwa sababu waliihitaji. Fedha inayomfidia mwanagenzi si ya kuumbwa. Imetoka kwa mchimbaji aliyekesha, kwa mchukuzi aliyepita njia ya hatari, kwa rafiki ambaye hajawahi kumwona uso kwa uso na ambaye pengine yuko bara jingine. Kwa sababu ina wenyewe, ina walinzi. Anayejaribu kuilaghai haibii programu, anawaibia wenzake, na jina lake likishachafuka hakuna muungano wa maana utakaomfungulia mlango. Mlaghai wa hazina isiyo na mwenyewe aliitwa mjanja. Mlaghai wa mfuko wa wenzake huitwa mwizi.

Ni desturi kongwe kuliko hata mkahawa wa Lloyd. Sheria za Kirumi zilizokusanywa kwa amri ya Kaisari Justinian katika karne ya 6 zinataja sheria ya watu wa kisiwa cha Rhodes: shehena ikitupwa baharini ili merikebu isizame, hasara ya aliyetupiwa mali yake hugawanywa kwa wote ambao mali yao iliokolewa. Kilichotupwa kwa ajili ya wote hulipwa na wote. Rubani aliyekitoa chombo chake mhanga ili kikosi kipate kuondoka salama ni kama mfanyabiashara wa Rhodes aliyeyatazama marobota yake yakizama. Hadai hisani, anadai haki.

Uzito wa haki hiyo ulionekana tarehe 27 na 28 Januari mwaka 2014 katika mfumo uitwao B-R5RB. Malipo ya kulimiliki eneo hilo hayakulipwa kwa wakati, milki ikaponyoka, na miungano miwili mikubwa pamoja na washirika wao wakakutana hapo. Maelfu ya wachezaji walipigana kwa takriban saa 21. Vyombo 75 vya aina ya Titan, ambavyo ndivyo vikubwa kuliko vyote na huchukua majuma mengi kuundwa, viliangamia. Thamani ya hasara ilikadiriwa kuwa kati ya dola 300,000 na 330,000 za Marekani. Magazeti ya dunia yaliandika kwa mshangao kuhusu fedha hizo. Lakini kwa waliokuwamo, swali halikuwa la dola. Lilikuwa swali la asubuhi iliyofuata: ni upande gani ambao wanachama wake wangeamini kwamba watafidiwa, na kwa hivyo wangekubali kurudi tena vitani? Muungano hauvunjwi na chombo kilicholipuka. Huvunjwa siku ambayo aliyejitoa anapobisha hodi kwenye mfuko na kukosa wa kumwitikia.

Basi swali la koleo limepata majibu matatu. La kwanza ni kwamba mhunzi ajilipie, na huo ndio wosia wa marubani wakongwe: ruka na unachoweza kukipoteza. La pili ni kwamba hazina isiyo na mwenyewe ilipe, na New Eden imeonyesha kwamba hazina hiyo huwasaidia wanyonge lakini pia huwalea walaghai pale fidia inapoachana na thamani ya kweli ya kitu. La tatu ni kwamba majirani walipe, kwa masharti kwamba kila mmoja amechanga, kila dai lina ushahidi, na kesho aliyefidiwa leo atachanga kwa ajili ya mwingine. Majibu yote matatu yana mahali pake. Lakini ni hilo la tatu tu linalojenga kitu kinachodumu kuliko chombo.

Msomaji anayechangia chama cha maziko mtaani, au mfuko wa ustawi kazini, hahitaji kuelezwa zaidi. Anajua kwamba si kila mwezi unaomletea faida, na kwamba anapoipeleka senti yake hainunui fedha ya kesho pekee. Ananunua uhakika kwamba siku yake ikifika hatasimama peke yake. Hilo ndilo ambalo mwanagenzi wa New Eden hujifunza anapokwama ndani ya kapsuli yake, vipande vya merikebu vikielea pande zote. Fidia ya mchezo humpa kiunzi kipya. Sauti ya mwenzake inayomwambia leta taarifa ya hasara yako, tutakulipa, njoo kikosini, ndiyo humpa sababu ya kukiendesha. Koleo jipya laweza kununuliwa kwa fedha yoyote, hata ile isiyo na mwenyewe. Uhunzi, hata hivyo, huendelea kwa sababu kijijini wamo watu wanaoyangoja majembe, na ambao wako tayari kumchangia mhunzi ili ayafue.